Kibanda cha Kuvizia Bata katika Maji ya Nairobi

Mji wa Nairobi ulizaliwa majini. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika hapo mwaka wa 1899, mahali palipochaguliwa kuwa stesheni palikuwa uwanda wenye unyevu ulio chini ya vilima vya magharibi, na karibu yake ulipita mto ambao Wamasai waliuita Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Kando ya mto huo palikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo. Bwana John Ainsworth, ofisa wa serikali aliyehamia hapo kutoka Machakos mwaka ule ule, alihimiza kupandwa kwa mikaratusi ili ifyonze maji na kuikausha ardhi. Miti ikakua, mitaro ikachimbwa, nyumba zikajengwa, na kinamasi kikapungua mwaka baada ya mwaka.

Karani anayetembea leo kutoka stesheni hadi kilima cha Makumbusho, huku magari yakinguruma juu ya ile barabara ya ghorofa iliyofunguliwa mwaka wa 2022, aweza kudhani kwamba bata wa mwitu ni habari ya nchi za mbali. Sivyo. Bata hawajauacha mji huu kabisa. Wapo katika mabwawa ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, wapo katika mabwawa madogo ya viunga vya Karen na Langata, na wapo katika vinamasi vya nyanda za juu kuelekea Kikuyu na Limuru. Lakini wamejifunza kumwogopa mwanadamu, na mtu atakaye kuwaona kwa karibu hana budi kujificha.

Makala haya yaeleza namna ya kutengeneza kibanda cha kuvizia juu ya mashua ndogo, kwa vifaa vipatikanavyo Nairobi yenyewe. Tena yaeleza maji ambayo mashua hiyo yaweza kuelea juu yake. Habari hiyo ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kama itakavyoonekana.

KUMJUA NDEGE KWANZA

Mwenye kutaka kumvizia ndege yampasa amjue kabla ya kushika nyundo. Mahali pazuri pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa juu ya kilima hicho mwaka wa 1930, wakati huo yakiitwa Coryndon Museum. Humo mna ukumbi wa ndege wa Afrika Mashariki, na mtu aweza kusimama mbele ya kioo akamtazama bata kwa utulivu ambao bata aliye hai hatampa. Pia chama cha Nature Kenya, ambacho mwanzo wake ni chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka wa 1909, kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Matembezi hayo yalianzishwa na Bibi Fleur Ng'weno mwaka wa 1971, na kwa miaka mingi watu walikutana penye Makumbusho, kisha wakaelekea msitu au bwawa lililochaguliwa siku hiyo. Mtu mgeni hupata humo walimu wengi bila ya kuandikishwa shuleni.

Bata wa maji ya Nairobi ni wa namna mbili. Kuna wenyeji na kuna wageni. Miongoni mwa wenyeji yumo bata mwenye mdomo wa manjano na mwili wa rangi ya majivu na kahawia, apendaye mabwawa ya nyanda za juu. Yumo bata mdogo zaidi, mwenye mdomo mwekundu, utosi wa giza na mashavu yaliyofifia. Yumo na bata bukini wa Misri, mkubwa wa mwili na mwingi wa kelele, mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho. Wageni hutoka Ulaya na Asia, wakiikimbia baridi ya huko. Hufika Kenya kuanzia mwezi wa Oktoba na kurudi kwao Machi na Aprili. Mmoja ana mdomo mpana kama koleo, ambao huchuja kwao vijidudu vya majini. Mwingine ana mkia mrefu uliochongoka. Wa tatu ni mdogo, na dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho mithili ya nyusi iliyochorwa.

Wote hao wana macho yaliyokaa ubavuni mwa kichwa, si mbele kama ya mwanadamu. Kwa hiyo bata huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Huona rangi vizuri, na huona hata miali ya urujuanimno ambayo jicho la mtu haliioni. Nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya unga yenye dawa ya kung'arisha, hata ikiwa ya kijani, kwake yaweza kung'aa kama taa. Mambo matatu humshtua kuliko mengine yote. La kwanza ni mjongeo wa ghafula, la pili ni kitu kinachomeremeta, na la tatu ni umbo la kichwa na mabega ya mtu likionekana mbele ya anga tupu. Kibanda chema ni kile kinachoyaondoa yote matatu.

DUNGU NA KIBANDA

Wakulima wengi wanalijua dungu, lile jukwaa la miti lijengwalo katikati ya shamba la mpunga au la mtama. Mtoto hukaa juu yake na kombeo, akapiga kelele na kuwafukuza ndege wasile nafaka. Dungu hujengwa ili lionekane na kuogopwa. Kibanda cha kuvizia ni kinyume chake, maana hujengwa ili kisahaulike. Aliyemo ndani hafukuzi kitu wala haiti kitu. Hungoja tu.

Katika nchi za Ulaya na Amerika vibanda vya namna hii vilitengenezwa na wawindaji wenye bunduki, na hata leo wengi wao wanavitumia. Katika Kenya mambo yalibadilika. Uwindaji wa wanyama kwa ajili ya mchezo ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na mambo yote ya viumbe wa porini yako chini ya sheria kali. Kwa hiyo kibanda kinachoelezwa hapa ni cha mtu mwenye darubini, kamera, au daftari na kalamu. Mtu mwenye nia ya kumpiga ndege wa aina yoyote na aende kwanza kuuliza katika ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, zilizo Langata Road penye lango kuu la Hifadhi. Aulize kabla, wala si baada.

Wala asidhani mtu kwamba darubini na daftari ni mchezo wa wasio na kazi. Tangu mwaka wa 1991 wataalamu wa Makumbusho pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa na katika maji yaliyo karibu na Nairobi. Kwa hesabu hizo hujulikana ni maji gani yanapona na ni yapi yanakufa. Mtu aliyejificha vizuri huhesabu bata waliotulia. Yule asiyejificha huhesabu migongo ya bata wanaokimbia.

VIFAA VYA KUJENGEA

Mtu akitoka katikati ya mji kwa matatu ya barabara ya Ngong, hupanda kilima, akaipita Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na kufika viunga vya magharibi. Kando ya barabara hiyo mafundi wa samani hupiga randa na msasa mchana kutwa, na vitanda na makabati yao yamepangwa hadharani. Hapo hupatikana mbao nyembamba na masalio ambayo fundi hana haja nayo. Mbele kidogo, upande wa Kibera, liko soko la Toi lenye mitumba ya kila aina. Humo mtu aweza kupata makoti mazito ya rangi ya udongo, mablanketi yaliyochakaa, na mara nyingine turubai kuukuu.

Vifaa vinavyotakiwa si vingi. Ni fito au mianzi kumi yenye urefu wa futi saba au nane, bawaba sita za mlango, waya wa kuku au wavu mkuukuu wa kuvulia samaki, magunia manne au matano, kamba ya katani, na mipira iliyokatwa katika tyubu za matairi, ile ambayo watu wa baiskeli hufungia mizigo. Mianzi ni bora kuliko mbao, kwa sababu ni myepesi na haivunjiki upesi ikipinda. Rangi ya kung'aa haitakiwi hata kidogo. Mashua iliyopakwa rangi nyeupe au ya buluu ipakwe tope la bwawa lenyewe, kisha iachwe ikauke.

Mashua yenyewe iwe ya makasia, yenye urefu usiopungua futi 12 na tako pana, maana mashua nyembamba hulala ubavu ikibebeshwa kitu juu. Mtumbwi wa gogo moja haufai kazi hii.

NAMNA YA KUJENGA

Kazi huanza nchi kavu. Fundi atengeneze viunzi viwili vilivyo sawa, kimoja kwa kila ubavu wa mashua. Kila kiunzi kiwe na urefu wa futi saba na kimo cha futi mbili na nusu, na ndani yake mtu afunge fito za kukingama kama afungavyo ukuta wa nyumba ya udongo. Kisha kiunzi kifungwe kwenye ukingo wa mashua kwa bawaba tatu, ili kiweze kusimama na kulazwa. Vikisimama, viunzi hivyo viwili viegemee ndani mfano wa paa la banda, lakini visikutane juu. Paachwe uwazi wa futi moja na nusu, mtu apate kuinua darubini na apate pa kutokea ikilazimu. Vishikwe juu kwa mpira wa tyubu, si kwa fundo la kamba. Fundo hukataa kufunguka wakati wa hatari, ambapo mpira huachia kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo juu ya fito hutandazwa waya wa kuku au wavu, na juu yake magunia yaliyochovywa katika tope. Magunia huzuia mwanga usipenye kutoka nyuma na kuonyesha kivuli cha mtu. Kisha huja kazi iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni kuvisha majani. Majani hayo yawe yale yale yaliyomo katika maji yatakayotumiwa. Penye mafunjo yatiwe mafunjo, na penye matete yatiwe matete. Yafungwe mafungu mafungu, yasimame wima kama yanavyoota, na vichwa vyake visilingane, kwa maana katika maumbile hakuna kinamasi kilichokatwa kwa msumeno. Majani mengine yaning'inizwe nje ya ukingo hadi yaguse maji, ili mstari wa mashua usionekane. Omo na tezi pia zifunikwe. Watu wengi hufunika ubavu vizuri, kisha wakaacha pua ya mashua ikichungulia, na bata wakaiona kwanza.

Wakati wa kukata majani mtu akate machache hapa na machache pale, wala asifyeke mahali pamoja. Aangalie kwanza kama pana viota. Ndege aliyefukuzwa kiotani kwa ajili ya kupigwa picha amedhulumiwa.

Tundu za kuchungulia ziwe ndefu na nyembamba, sawa na jicho la mtu aliyeketi. Tundu ya kamera izungushiwe kipande cha kitambaa cheusi, ili mkono usionekane ukisogea. Ndani, kiti kiwe chini kabisa, karibu na sakafu ya mashua. Jambo hili lina faida mbili. Uzito ukiwa chini mashua hutulia, na kichwa cha mtu hakipiti juu ya majani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kibanda kikiisha, kijaribiwe katika maji mafupi yasiyopita kiuno. Watu wawili waketi ndani, waitikise mashua huku na huku, kisha kila mmoja asukume kiunzi chake na kutoka. Ikiwa yeyote amekwama, kazi irudiwe. Yafaa kukumbuka kwamba majani makavu yakinyeshewa na mvua huwa mazito, na upepo ukiyapata hufanya kazi ya tanga lisilotakiwa. Kwa hiyo siku ya upepo mkali viunzi hulazwa na safari huahirishwa. Humo ndani mtu asivute sigara wala asiwashe jiko la chai, kwa sababu amekaa katikati ya nyasi kavu.

KUJUA WAKATI NA UPEPO

Bata hutua wakiukabili upepo, na huruka wakiukabili vile vile. Katika Nairobi upepo mara nyingi hutoka upande wa mashariki. Na jua la asubuhi pia hutoka mashariki. Basi mtu akitia mashua yake ukingo wa mashariki kabla ya mapambazuko, omo ikielekea magharibi, jua na upepo vyote huwa mgongoni pake. Bata watakaokuja kutua watauelekea upepo, yaani watamwelekea yeye, na mwanga utawaangukia kifuani. Jioni mambo hayalingani hivyo, kwa sababu jua limehama na upepo haukuhama, na mtu hulazimika kuchagua moja.

Mashua ifungwe nanga mbili, moja omoni na moja tezini, isizungukezunguke. Ni vizuri iachwe mahali pale siku mbili au tatu bila mtu, bata waizoee na kuihesabu kuwa ni kichaka kama vichaka vingine. Siku ya kuitumia, mtu aingie gizani na asitoke mpaka ndege wameondoka wenyewe. Subira huvuta heri. Saa ya kwanza hupita bila kitu, na kibisi mdogo peke yake huzama na kuibuka. Saa ya pili maji huanza kujaa.

MAJI YENYEWE YAKO WAPI?

Hapo ndipo penye taabu. Kibanda kimekwisha, mashua iko tayari juu ya gari, na mwenyewe yuko barabara ya Ngong. Aishushe wapi?

Kama ingekuwa zamani, jibu lingekuwa jepesi. Kati ya Kibera na Langata liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 katika mto Motoine ili mji uwe na akiba ya maji ya kunywa. Maji yake yalienea kama hekta 35, yaani karibu eka 88. Chama cha mashua za matanga kilikuwa na makao ukingoni, na siku za mapumziko matanga yalionekana yakivuka huku na huku. Mtu wa katikati ya mji aliweza kufika hapo kwa safari fupi, akakuta maji mapana chini ya anga wazi.

Mto Motoine hutoka pande za Dagoretti, ukapita karibu na msitu wa Ngong Road na uwanja wa mashindano ya farasi, ukaambaa na Kibera, ndipo ukaingia bwawani. Ukitoka hapo huitwa mto Ngong, na huendelea mashariki kupita viwandani. Kadiri mitaa ilivyoongezeka juu ya bwawa, ndivyo mto ulivyozidi kuchukua udongo, taka na maji ya vyoo. Lawama haiwaangukii wakazi wa Kibera peke yao. Walijaziwa watu wengi mahali pasipo na mabomba ya maji machafu, na tena mabomba ya mitaa yenye nafasi nayo yamepasuka mara nyingi na kumwaga uchafu mtoni. Udongo ulilijaza bwawa kutoka chini. Mbolea ya uchafu ikalilisha gugu-maji kutoka juu.

Gugu-maji ni mmea wa Amerika ya Kusini wenye maua mazuri ya zambarau, na uzuri huo ndio uliowafanya watu wauchukue nchi kwa nchi. Katika maji yenye uchafu mwingi huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi. Huyafunika maji kama mkeka, mwanga usipenye, hewa iliyomo majini ikapungua, na samaki wakafa. Mwishoni mwa karne ya 20 mkeka huo ulikuwa umekwisha kulivamia Bwawa la Nairobi. Mashua za matanga ziliondoka. Bwawa lenyewe limekuwa kibanda kimoja kikubwa cha majani, lakini bata hana mahali pa kutua, kwa kuwa bata huhitaji kuona maji wazi kabla ya kushuka, na akishuka huhitaji chakula na hewa ndani yake.

Hasara hiyo si ya watazamaji wa ndege peke yao. Bwawa lililojengwa ili watu wanywe limekuwa maji ambayo mtu haingizi mguu bila kuhofu magonjwa. Mji uliopungukiwa na maji ya bomba umeachilia akiba yake mwenyewe ioze katikati ya nyumba.

MAHALI PALIPOBAKI

Mwenye mashua bado ana njia tatu. Ya kwanza ni mabwawa madogo ya watu binafsi katika Karen, Langata na mashamba ya Limuru. Hapo lazima aombe ruhusa ya mwenye ardhi, na akipewa, afunge lango alilolifungua. Kwenye maji yaliyotulia yenye konokono ajihadhari na kichocho. Avae viatu virefu vya mpira, wala asikae majini bila sababu.

Njia ya pili ni mabwawa ya Hifadhi ya Taifa, iliyotangazwa mwaka wa 1946. Huko mashua haina kazi, na hakuna ruhusa ya kushuka ovyo garini. Lakini gari lenyewe huwa kibanda, kwa sababu ndege wamelizoea. Mtu akizima injini na kushusha kioo polepole, ataona mengi.

Njia ya tatu ni kuichukua mashua hadi ziwa Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Huko maji ni mapana na ndege ni wengi, ila wapo viboko, na kiboko haoni tofauti kati ya kichaka cha kweli na kichaka chenye mtu ndani. Mgeni asithubutu kuingia ziwani bila mwenyeji anayejua njia za viboko, wala bila jaketi la kujiokolea. Kisha, kabla ya kuiondoa mashua ziwani, aisafishe yote. Mizizi, vipande vya majani na maji yaliyobaki chini yaachwe huko huko, na majani yaliyovishwa kibanda yang'olewe yakaushwe na kuchomwa mbali na maji. Kipande kimoja cha gugu-maji kilichonaswa katika wavu chatosha kuliharibu bwawa la jirani. Mtu aliyependa bata asiwe yeye ndiye aliyewapelekea adui.

PENYE CHEMCHEMI

Safari ya magharibi haikomi Karen. Mtu akiendelea hadi Kikuyu, atakuta kinamasi cha Ondiri, ambacho ni mojawapo ya vyanzo vya mto Nairobi, kwa njia ya kijito kiitwacho Nyongara. Ondiri ni mahali pa ajabu. Majani yake yamesukana yakawa tabaka nene linaloelea juu ya maji, na mtu akikanyaga huhisi chini panatetemeka. Asidanganyike kwamba ni nchi kavu, maana tabaka hilo laweza kumwachia akazama. Hapo hakuna haja ya kibanda cha kutengenezwa. Yatosha kukaa ukingoni na kumtazama korongo mwenye taji akitembea polepole kati ya majani.

Watu wa hapo, katika chama cha marafiki wa Ondiri, wamefanya kazi inayostahili kuangaliwa. Wamehimiza kuondolewa kwa mikaratusi iliyokuwa ikiyanyonya maji ya kinamasi, na kupandwa mianzi na miti ya asili mahali pake. Mti uleule uliopandwa Nairobi wakati wa Bwana Ainsworth ili kukausha kinamasi, sasa unang'olewa Kikuyu ili kinamasi kisikauke. Kazi hiyo haina mtambo mkubwa wala gharama ya kutisha. Ni majembe, miche, na watu waliokubaliana.

Mkulima mwenye bwawa aweza kuiga. Aache ukanda wa matete na majani pande zote za maji, ng'ombe wake awachotee maji katika birika mbali na ukingo, na dawa za kuua wadudu asizipulize karibu na maji. Udongo wa shamba hautashuka bwawani, maji yatadumu hadi kiangazi, na bata watakuja wenyewe bila kualikwa. Karani naye, aliye na Jumamosi yake, aweza kuungana na wale wanaosafisha kingo za mito, au kuwachukua watoto wake katika matembezi ya ndege, wapate kujua kwamba jina la mji wao ni jina la maji.

Kibanda cha kuvizia huweza kumalizika kwa siku mbili, nacho humfundisha mtu kuinama, kunyamaza na kungoja. Mto Motoine utahitaji miaka mingi, na mikono mingi zaidi. Lakini fundi mwenye busara huangalia maji kwanza, ndipo akaunda mashua. Watu wa viunga vya magharibi wakitaka bata watue tena karibu na nyumba zao, kazi ya kuanzia iko juu mtoni, penye taka na mabomba yaliyopasuka. Fito na matete zitafuata.